Msanii hupanda ndege, jukwaa hupanda lori

Tarehe 11 Mei 2023 Beyoncé alimaliza onyesho la pili la ziara yake ya Renaissance huko Solna, pembeni ya Stockholm. Tarehe 14 alikuwa Brussels. Tarehe 17 Cardiff, 20 Edinburgh, 23 Sunderland, 26 Paris, 29 London. Ukizipitia tarehe hizo harakaharaka unaona ratiba ya msanii mwenye kazi nyingi. Ukituliza macho unaona siku tatu, siku tatu, siku tatu, mara sita mfululizo. Mwendo huo haukupangwa na koo la mwimbaji wala magoti ya madansa wake. Ulipangwa na malori.

Kila nyota wa Marekani au Uingereza anapotangaza ziara ya dunia, mitandao yetu hujaa swali lilelile: dunia gani hiyo isiyo na Afrika? Majibu huwa mawili. Wapo wanaosema tunadharauliwa, wapo wanaosema hatuna hela. La hela lina ukweli wake na tutalifikia. Lakini yote mawili yanaruka jambo la msingi: ziara ya viwanjani ni kazi ya uchukuzi kwanza, muziki baadaye. Asiyejua jukwaa linavyosafiri hawezi kujua kwa nini haliji kwake, na mbaya zaidi, hatajua adai nini kwa serikali yake.

Tuanze na sababu ya kuzunguka kote huko. Albamu ya Renaissance ilitoka tarehe 29 Julai 2022, nyimbo 16 zilizoshonwa pamoja kama seti ya DJ, bila kuachiwa video za nyimbo zake. Ziara ilitangazwa tarehe 1 Februari 2023, na siku nne baadaye Beyoncé akanyakua Grammy zilizomfikisha 32, idadi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia. Kuzuia video kulionekana kama uzembe kwa mashabiki wengi, na walilalamika sana. Kibiashara ulikuwa uamuzi wenye akili: aliyetaka kuiona albamu ile kwa macho ilibidi akanunue tiketi, na aliyekosa tiketi akasubiri filamu ya ziara iliyoingia kumbi za sinema tarehe 1 Desemba 2023.

Hesabu zake ni hizi. Maonyesho 56, Ulaya na Amerika Kaskazini, kuanzia tarehe 10 Mei hadi tarehe 1 Oktoba 2023 pale Kansas City. Tiketi zilizouzwa ni zaidi ya milioni 2.7, na mapato ya mlangoni yakafika dola milioni 579. Gawanya mwenyewe: zaidi ya dola milioni 10 kwa usiku mmoja, watu karibu 49,000 kwa onyesho, na tiketi moja kwa wastani dola 200 na ushei.

Sasa linganisha na albamu yenyewe. Kwa makadirio ya kawaida ya biashara hii, wimbo ukisikilizwa mara 1,000 kwenye programu za muziki huingiza kama dola 3 hadi 5, na fedha hizo hugawanywa kati ya lebo, watunzi, maprodyuza na mwimbaji. Ukichukua dola 4, usiku mmoja wa uwanjani ni sawa na kusikilizwa mara bilioni 2.5. Zamani msanii alizunguka ili kanda na santuri ziuzike. Leo albamu ndiyo tangazo, na bidhaa ni kiti cha uwanjani.

Hizo milioni 10 haziingii mfukoni mwa mtu mmoja. Hukatwa kodi ya mauzo, pango la uwanja, ulinzi, zimamoto, umeme, usafi, vibarua na matangazo. Kinachobaki ndicho hugawanywa kati ya msanii na promota, yaani mwandaaji wa onyesho, na msanii wa daraja hilo huchukua asilimia 85 hadi 90. Ziara hii ilisimamiwa na promota Live Nation pamoja na kampuni ya Beyoncé mwenyewe, Parkwood. Kutoka kwenye fungu lake msanii hulipa bendi, madansa, mafundi, mavazi, hoteli, ndege, kukodi taa, spika na skrini, na malori. Gharama hizo haziangalii kama leo kuna onyesho au hakuna. Fundi wa taa aliyelala hotelini analipwa, lori lililoegeshwa linalipiwa, skrini iliyo ndani ya kasha inalipiwa kwa wiki. Kwa hiyo adui mkubwa wa ziara ni siku tupu. Weka hilo kichwani, maana ndilo litakalotufikisha Dar es Salaam.

Jukwaa la uwanjani haliwezi kusimikwa kwa siku moja. Kwanza hutandikwa sakafu ya kulinda majani, vigae vya plastiki sehemu ya watu na mabamba ya alumini au chuma pale kreni na foklifti zitakapopita. Kisha kreni hushusha vyuma vya msingi, nguzo, mihimili na paa, pamoja na matangi ya maji au matofali ya zege ya kuzuia upepo usiangushe kila kitu. Kazi hiyo hula siku tatu hadi nne. Kubomoa hula siku moja au mbili zaidi. Ukiwa na seti moja tu ya vyuma, utafanya onyesho moja kwa wiki, na kwa gharama tulizozitaja hapo juu ziara itakufa kabla ya mji wa tano.

Dawa yake ni kurukana. Kunakuwa na seti mbili au tatu za vyuma zinazofanana. Wakati msanii anaimba Brussels kwenye seti moja, nyingine inasimikwa Cardiff, na ile ya Stockholm bado inafunguliwa nati au iko njiani kuelekea Edinburgh. U2 walipozunguka kati ya 2009 na 2011 na lile jukwaa lao la miguu minne lenye urefu wa karibu mita 50, walikuwa na seti tatu za namna hiyo. Renaissance ilitumia mfumo huohuo wa seti zaidi ya moja.

Kinachosafiri kila mji bila kukosa ni fungu la pili: taa, spika, skrini, mitambo, ala, mavazi na mapambo. Fungu hili ni moja tu, na ndilo linaloamua kasi. Onyesho likiisha kama saa tano usiku, kazi ya kufungua huanza watu hawajamaliza kutoka. Kila kasha lina magurudumu na utepe wa rangi unaoonyesha ni la idara gani, linapanda lori namba ngapi, na linakaa upande gani wa jukwaa kesho yake. Vibarua mia moja na zaidi wa mji ule husukuma, foklifti hupokea, na ndani ya saa nne au tano lori la mwisho linafungwa milango.

Mpangilio wa malori ni elimu ya peke yake. Asubuhi mji wa pili, la kwanza kufunguliwa ni lenye winchi za kupandishia vitu, maana bila winchi hakuna kitakachoning'inia. Linafuata la nyaya na mihimili myepesi, kisha taa, kisha spika, kisha skrini, mavazi na ala mwisho. Winchi zikichelewa saa tatu kwa sababu lori lilikwama mpakani, taa na spika zote zinakaa chini zikiwa zimefika mapema bila faida. Na hapo ndipo ajali hutokea, kwa sababu mafundi wanajaribu kufidia saa tatu kwa kuruka ukaguzi. Meneja wa uzalishaji, yaani msimamizi wa kazi yote ya kusimika onyesho, anayejua kazi yake hukubali mazoezi ya sauti yafe kabla hajakubali winchi ipandishwe bila kukaguliwa.

Dereva naye ana sheria. Umoja wa Ulaya unamruhusu kuendesha saa 9 kwa siku, mara mbili kwa wiki anaweza kufika 10, na baada ya saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45. Kwa mwendo halisi wa barabara kuu, dereva mmoja anakufikisha kilomita 650 au 700 tu. Kutoka Stockholm hadi Brussels ni kama kilomita 1,500. Hapo kila lori linahitaji madereva wawili wanaopokezana, na bado karibu siku nzima inakwisha barabarani. Usiku wa tarehe 11 kufungua, tarehe 12 njiani, tarehe 13 kupandisha, tarehe 14 onyesho. Siku tatu zinatosha, ila hakuna nafasi ya pancha.

Ukitaka kuona nafasi hiyo inavyokosekana, itazame Pittsburgh. Ratiba ya kwanza ya Marekani ilisema East Rutherford, karibu na New York, tarehe 29 na 30 Julai, Foxborough, karibu na Boston, tarehe 1 Agosti, Pittsburgh tarehe 3, Landover tarehe 5 na 6. Siku mbili, siku mbili, siku mbili. Kutoka Foxborough hadi Pittsburgh ni zaidi ya kilomita 900, na malori yakishafika yanapaswa kuondoka tena ndani ya muda mfupi kurudi mashariki. Onyesho la Pittsburgh likafutwa, sababu iliyotolewa ikiwa ni uchukuzi wa vifaa na ratiba. Mashabiki wengi walihisi kuna jambo linafichwa, hasa kuhusu mauzo ya tiketi. Ukiipanga kalenda mezani pamoja na ramani ya barabara, sababu iliyotolewa inajitosheleza. Palikuwepo siku mbili mahali panapohitaji tatu, tena mara tatu mfululizo, na katikati ndipo mnyororo ulipokatika. Ratiba ya Kansas City nayo ilisogezwa kutoka tarehe 18 Septemba hadi tarehe 1 Oktoba.

London ilipata usiku tano, tarehe 29 na 30 Mei, na 1, 3 na 4 Juni. Umaarufu una mchango wake, lakini utazame na uwanja wenyewe. Uwanja wa Tottenham una nyasi zinazohama: zimegawanywa vipande vitatu vinavyoteleza chini ya viti vya mashabiki vya upande wa kusini kwa muda usiofika nusu saa, na chini yake kuna sakafu nyingine ya nyasi bandia. Jukwaa la muziki husimama juu ya hiyo, na nyasi za mpira wa miguu hukaa salama. Kwenye uwanja wa kawaida nyasi zikifunikwa siku tano hugeuka manjano, zikifunikwa wiki zinaoza mizizi. Kila usiku wa ziada mahali pamoja ni mapato mapya bila lori kusogea hata mita moja, na ndiyo sababu ziara za leo zinapenda kukaa mji mmoja siku nyingi na kuacha watu wasafiri wenyewe.

Nao walisafiri. Krona ya Sweden ilikuwa dhaifu, na Mmarekani aliyeona bei za tiketi kwao aligundua kwamba Stockholm pamoja na ndege haikuwa mbali na bei ya nyumbani. Kwa usiku mbili hoteli na migahawa ilipandisha bei kiasi kwamba mchumi wa Danske Bank alikadiria ziara ile ilichangia pointi 0.2 za asilimia kwenye mfumuko wa bei wa Sweden wa mwezi Mei, ambao ulikuwa asilimia 9.7.

Sasa vitu vinavyoharibika wakati wa onyesho lenyewe. Tarehe 24 Agosti pale Glendale, Arizona, sauti ilikatika katikati ya wimbo wa Alien Superstar. Beyoncé na madansa wakatoka jukwaani, na baada ya dakika kadhaa akarudi akiwa amebadilisha nguo na kuuanza wimbo upya. Watu walisifia nguo. Mafundi walisifia dakika. Mfumo wa sauti una nusu mbili: meza ya kuchanganyia sauti, ambayo ni kompyuta, na amplifaya zinazosukuma spika. Meza hulindwa kwa betri za akiba kwa sababu ikizimika inahitaji dakika nzima au zaidi kuwaka, na kila mpangilio lazima ukaguliwe upya. Amplifaya zinakula umeme mwingi mno kuwekewa betri. Njia ya umeme ikikatika, spika zinakufa papo hapo hata kama meza iko hai. Ndiyo maana jenereta huwekwa mbili zinazokwenda sambamba, kila moja ikiwa na uwezo wa kubeba mzigo wote. Anayefanya tamasha na jenereta moja kwa sababu "ni usiku mmoja tu" anacheza na fedha za watu.

Sauti yenyewe ina tatizo ambalo wengi hawalijui. Husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Aliyekaa mita 100 kutoka jukwaani anaisikia karibu theluthi ya sekunde baada ya kuona midomo kwenye skrini. Ukiongeza spika za katikati ya uwanja bila kuzichelewesha, atasikia kila neno mara mbili, la spika ya karibu kwanza na la jukwaani baadaye, kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Minara ya katikati lazima icheleweshwe kwa hesabu ya umbali wake, na joto la hewa likishuka usiku hesabu inasogea kidogo. Matamasha yetu mengi hushindwa hapo. Spika zipo za kutosha, tena za kukodiwa kwa bei kubwa, lakini hakuna aliyepima mita. Watu wa nyuma wanarudi nyumbani wakisema msanii haimbi vizuri.

Hali ya hewa haina mjadala. Tarehe 6 Agosti pale Landover, pembeni ya Washington, radi ilianza kupiga kabla ya onyesho, na watu wakaamriwa kujificha chini ya vibaraza vya uwanja. Kanuni inayotumika sana Marekani ni kwamba radi ikipiga ndani ya kilomita 13, uwanja wa wazi unasimama, na saa inahesabiwa dakika 30 kuanzia mpigo wa mwisho. Kila mpigo mpya unaanzisha dakika 30 nyingine. Onyesho lilichelewa sana, na treni za Washington zilikuwa zinakaribia kufungwa. Ziara ikalipa dola 100,000 ili stesheni zote 98 zibaki wazi kwa saa moja zaidi. Dola 100,000 kwa treni za usiku zinaonekana nyingi, mpaka ukumbuke milioni 10 za usiku mmoja na watu wapatao 50,000 ambao wangebaki barabarani.

Kuna gauni moja linaloeleza uchukuzi huu kuliko takwimu zote. Nyumba ya mitindo ya Japan, Anrealage, ilimshonea Beyoncé gauni jeupe la kitambaa kinachobadilika rangi kikimulikwa na taa za urujuanimno (UV). Anasimama, taa zinapita juu yake taratibu, na maua na rangi zinachomoza kwenye kitambaa mbele ya macho ya watu kama picha inayooshwa kwenye dawa. Bila taa zile ni gauni jeupe tu. Kwa hiyo gauni na taa zake lazima vifike pamoja, vipimwe pamoja, na umbali wa taa hadi kitambaa uwe uleule Paris na Houston. Taa ya kuazima mjini haitafaa.

Gauni hilo nalo lina mstari wake kwenye karatasi ya forodha. Ziara zinazovuka mipaka husafiri na hati iitwayo kaneti ya ATA, daftari linaloorodhesha kila kitu kwa jina, uzito, thamani na namba yake, kisha kila mpaka hugonga muhuri wa kuingia na wa kutoka. Bidhaa haikulipiwa ushuru kwa sharti kwamba itatoka. Kikikosekana kitu kimoja wakati wa kutoka, ushuru wake unadaiwa. Tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya, ratiba ya Renaissance ilivuka mpaka huo mara nne ndani ya wiki nne: Brussels kwenda Cardiff, Sunderland kwenda Paris, Paris kwenda London, London kwenda Barcelona. Mara nne malori yote yalipaswa kukutwa yana kilekile kilichoandikwa.

Turudi kwenye Afrika. Si kweli kwamba ziara kubwa hazijawahi kufika. Michael Jackson aliimalizia ziara ya HIStory pale Durban tarehe 15 Oktoba 1997, vifaa vyake vikisafirishwa kwa ndege kubwa za mizigo aina ya Antonov. U2 walileta jukwaa lao la miguu minne Johannesburg na Cape Town Februari 2011. Rihanna alipiga miji hiyohiyo miwili mwaka 2013. Beyoncé mwenyewe aliimba Addis Ababa Oktoba 2007, na tarehe 2 Desemba 2018 alikuwa uwanja wa FNB, Johannesburg, kwenye tamasha la Global Citizen, shirika la kampeni dhidi ya umaskini.

Afrika Kusini inatajwa mara nyingi kwa sababu inatimiza masharti. Imo kwenye mfumo wa kaneti. Ina viwanja vya Kombe la Dunia la 2010. Ina kampuni za kukodisha vyuma, taa na spika za viwango hivyo, kwa hiyo si lazima kila chuma kivuke bahari. Kodi ya zuio kwa msanii wa nje ni asilimia 15, imeandikwa, inajulikana kabla. Na ina miji zaidi ya mmoja inayofikika kwa barabara: Johannesburg hadi Durban ni kama kilomita 570, hadi Cape Town kama 1,400. Ukishalipa gharama ya kuvuka, unapata maonyesho mawili au matatu ya kuigawanyia.

Hapo ndipo siku tupu zinaporudi. Renaissance ilimaliza Ulaya kule Warsaw tarehe 28 Juni na kuanza Toronto tarehe 8 Julai. Siku tisa bila tiketi hata moja, ndiyo bei ya kuvuka bahari. Ziliwezekana kwa sababu upande wa pili yalisubiri maonyesho zaidi ya thelathini. Sasa fikiria kuja Dar es Salaam kwa usiku mmoja. Unahitaji pengo la kuja na pengo la kurudi, ndege za mizigo za kubeba fungu la pili, ambapo Boeing 747 moja ya mizigo hubeba tani 100 na kidogo, na vyuma vilivyotangulia kwa meli wiki kadhaa kabla. Bandarini, vifaa vinavyoingia kwa muda chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 huwekewa dhamana. Halafu Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 ufungwe wiki nzima na nyasi zipewe muda wa kupona, katikati ya ligi, Simba, Yanga na Taifa Stars. Ili ufikie zile milioni 10, watu 50,000 walipe dola 200 kila mmoja, karibu nusu milioni ya Tanzania kwa wastani, siyo kwa viti vya mbele. Hapo ndipo jibu la hela linapopata uzito wake, lakini tazama limekuja la mwisho, baada ya bahari, bandari na nyasi.

Anayedhani nyota hawataki kutoka Ulaya na Marekani akumbuke tarehe 21 Januari 2023. Siku hiyo Beyoncé aliimba Dubai kwenye ufunguzi wa hoteli ya Atlantis The Royal, na malipo yaliyoripotiwa ni dola milioni 24. Msanii anakwenda popote kwenye mwaliko wenye fedha. Jukwaa la uwanjani ndilo lisilokwenda popote.

Kwa hiyo kampeni za kuomba nyota wa viwanjani waje zinapoteza nguvu. Mlango uko mahali pengine, na Rwanda imeshaushika. Tarehe 6 Desemba 2023 Kendrick Lamar aliimba BK Arena, Kigali, chini ya mpango wa Move Afrika wa Global Citizen, na tarehe 21 Februari 2025 akafuata John Legend katika ukumbi huohuo. BK Arena inachukua watu kama 10,000. Ni wachache mbele ya uwanja, lakini ukumbi una paa. Ukiwa na paa huhitaji vyuma vya siku nne, huhitaji kufunika nyasi, huogopi radi, na vifaa vya asubuhi vinaweza kupigiwa muziki jioni. Ziara ya kumbi ni malori kumi au ishirini, wala haina seti za kurukana.

Lakini ukumbi mmoja ni sawa na onyesho moja, na tumeshaona onyesho moja linavyogharimu. Kinachohitajika ni mnyororo wa kumbi tatu au nne zenye watu 8,000 hadi 15,000. Ukumbi unaojengwa kwa ajili ya mpira wa kikapu na mikutano peke yake hautafaa hata ukipambwa vipi. Swali la kwanza la meneja wa uzalishaji ni mchoro wa paa: pointi za kuning'iniza ziko wapi na kila moja inabeba kilo ngapi. Onyesho la ukumbi hutundika tani 40 hadi 60 juu ya vichwa vya watu. Paa lisilo na mchoro huo linalazimisha kusimika mihimili kutoka chini, na faida yote ya kuwa na paa inapotea. Swali la pili ni milango: malori mangapi yanaweza kurudi nyuma hadi ndani kwa wakati mmoja. La tatu ni umeme, na kama njia ya sauti imetenganishwa na ya taa, maana zikichangia njia moja spika zitanguruma usiku kucha. Mambo haya yanaamuliwa kwenye karatasi ya msanifu, kabla zege halijamwagwa. Kuyarekebisha baadaye ni gharama ya kujenga paa jipya.

Upande wa serikali, kodi nayo ipangwe pamoja. Kenya hukata msanii asiye mkazi asilimia 20, Tanzania hukata huduma za asiye mkazi asilimia 15, na promota anayepanga nchi tatu hukutana na ofisi tatu, fomu tatu na tafsiri tatu za neno mapato. Dhamana moja ya vifaa inayotambulika kutoka Dar hadi Kigali ingeokoa siku nyingi kuliko punguzo lolote la kodi.

Wa kwanza kunufaika hawatakuwa wageni. Matamasha ya Fiesta na Wasafi Festival nchini Tanzania yamekuwa yakihamisha majukwaa mkoa hadi mkoa, na mafundi wake wanajua kufunga na kufungua usiku kucha kuliko wanavyopewa sifa. Wanachokosa ni vipimo: kipima upepo juu ya paa, mzani wa kila winchi, mita za kila mnara wa spika. Wasanii wetu wengi wakienda nje huondoka na flashi ya muziki na madansa wanne, kwa sababu hakuna mahali nyumbani walipowahi kulijenga onyesho kamili na kulizungusha likakomaa. Albamu ya Zuchu au ya Bien ikipata kumbi nne zenye paa, itazunguka na bendi, taa na mavazi yake kwa wiki mbili, na promota atagawanya gharama kwa usiku sita au saba.

Barabara ipo. Stockholm hadi Brussels ni kilomita 1,500 na malori yaliwahi. Kigali hadi Kampala ni kama 500, Kampala hadi Nairobi kama 650, Nairobi hadi Dar kama 900. Kila kipande ni kifupi kuliko kile cha Ulaya, na kote kuna vituo vya pamoja vya mpakani: Gatuna, Malaba, Busia, Namanga. Lori lenye winchi likifika Malaba saa nne asubuhi, linatakiwa liwe limepita kabla ya saa sita mchana.